Ha ya Bi Nunu

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Bi Nunu alisoma Alhamdu, na nyumba nzima ilimsikia. Ilikuwa nyumba ya zamani iliyobanwa katikati ya maghorofa ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na kuta zake za ndani hazikufika juu kwenye bati. Aliyekohoa chumba cha mbele alipewa pole na wa chumba cha uani. Siri pekee iliyowezekana mle ndani ilikuwa ile ya kuiweka moyoni.

Nje, mchana kutwa, spika za wauza viatu zilitangaza bei na wasukuma maguta ya mizigo walifokeana kugombea njia. Lakini ikifika alasiri, sauti ya bibi huyo ilipanda ukuta ikawafikia wote. Alisoma sura moja tu, Sura ya Ufunguzi, ambayo wengi huiita Alhamdu kwa neno lake la kwanza. Alisoma polepole, akajikwaa, akarudi nyuma, akaendelea. Mwishoni alisema "Amin," akanyamaza kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akawa anasubiri kuitikiwa. Ndipo waliposikia mswala ukikunjwa. Mama Angela, mkewe mzee Elimringi mwenye duka la jumla la sabuni pale mbele, alikuwa Mkristo wa Kilimanjaro, lakini aliinjika sufuria ya jioni kwa kusikia hiyo Amin. Alisema anaiamini kuliko saa ya simu yake, ambayo haiishi kuisha chaji.

Bi Nunu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mjane, mtu mzima sana, na jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Katika chumba kilichopakana na chake alilala Nawal, msichana wa miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walipanga hapo, na baba yake, Mazin, aliuza mabaibui Mtaa wa Sikukuu. Kitanda cha Nawal kiliegemea ukuta ule ule ambao Bi Nunu aliuelekea akisoma. Tangu utotoni msichana huyo alikuwa ameizoea sauti ile kiasi kwamba hakuisikia tena.

Nawal mwenyewe alikuwa msomaji hodari. Akitoka shule alikula, akaswali, akavaa baibui, akaenda madrasa nyuma ya msikiti, na huko hakukuwa na aliyemfikia. Alihifadhi haraka, alitoa kila herufi mahali pake, na sauti yake iliwafanya wapita njia wapunguze mwendo. Mwaka huo mwalimu wao, Ustadhi Muaz, alimchagua aende kwenye mashindano ya kusoma Kurani yatakayofanyika viwanja vya Mnazi Mmoja. Sura aliyopangiwa ilikuwa Abasa. Ubeid, aliyekuwa akimfuatia kwa karibu, alinuna wiki nzima.

Sifa ni tamu, na Nawal alikuwa amelishwa nyingi kwa mkupuo. Mama yake aliwasimulia wateja, baba yake aliwasimulia majirani wa dukani, na watoto wadogo wa madrasa walimpisha mlangoni. Taratibu Nawal akaacha kabisa kutumia neno moja dogo, neno "sijui". Akiulizwa chochote cha dini alijibu hapo hapo, na kama hakuwa na jibu alilitengeneza.

Mwanzoni mwa mwaka huo, Bi Nunu naye aliingia madrasa. Watu walicheka kwa wema, maana haikuwahi kutokea. Utotoni mwake alilea wadogo zake wakati wenziwe wakisoma, na Alhamdu yake aliichukua kwa masikio kutoka kwa mamake, ambaye naye aliichukua hivyo hivyo. Sasa alitaka kuijua herufi kwa herufi kabla hajafa. Alikuja na juzuu yake ndani ya mfuko ulioshonwa kwa khanga kuukuu, akakaa mkekani kati ya watoto wa miaka sita, akatamka nao alifu, be, te bila haya yoyote. Ustadhi Muaz alimtandikia mto wa kukalia na kumfundisha taratibu, herufi chache kwa siku.

Siku moja Ustadhi aliitwa kwenye maziko, akamwachia Nawal darasa. Nawal alikuwa amejikita kwenye sura yake ya mashindano, anairudia na kuirudia, Bi Nunu alipojisogeza karibu akishikilia mfuko wake.

"Mjukuu wangu, nisikilize kidogo," alisema. "Nikikosea, niambie."

Nawal akakunja uso. Akageukia msahafu wake akaendelea kusoma, akitumaini bibi ataelewa. Bi Nunu hakuona vizuri ule uso, au aliona akavumilia. Akaanza kusoma Alhamdu palepale, na hakumaliza hata neno la kwanza.

"Hapo hapo umekosea, bibi," Nawal alimkatiza. "Hiyo siyo Alhamdu."

"Nimesemaje?"

Nawal akaeleza kwa sauti ya kusikika darasa zima. Kiarabu kina ha mbili. Moja hubanwa katikati ya koo, na nyingine ni pumzi tu, kama ya neno "hewa". Ulimi wa Bi Nunu ulijua hiyo ya pili peke yake. "Ukiweka hiyo, neno linageuka," Nawal alisema. "Halisifu tena. Linakuwa neno la kuzimika, kama moto unavyozimika. Kwa hiyo bibi, miaka yote hiyo ulikuwa humsifu Mungu. Ulikuwa unamsomea habari za kuzimika."

Ubeid aliangua kicheko, na watoto wakamfuata, hata wale wadogo ambao hawakuelewa kitu. Nawal akatabasamu. Bi Nunu alingoja kicheko kiishe.

"Na swala zangu?" aliuliza.

Hapo ndipo lile neno dogo lilipohitajika. Lingemtosha Nawal, na lisingemgharimu chochote. Lakini watoto wote walikuwa wakimtazama.

"Swala bila Alhamdu haisihi, bibi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Bi Nunu aliitikia kwa kichwa, polepole. Akamshukuru, akairudisha juzuu ndani ya mfuko wa khanga, akaenda zake akipapasa ukuta. Mto wake wa kukalia ulibaki mkekani.

Kesho yake alasiri ilipita kimya. Nawal hakutambua kitu. Alisoma sura yake kitandani, akafurahi kuwa siku hiyo hakuna anayemchanganya. Keshokutwa yake alikutana uani na Angela, binti wa mzee Elimringi, waliyesoma naye darasa moja shuleni.

"Mambo?" alisema Angela. "Eti bibi anaumwa? Jana mama amechelewa kupika. Anasema hajasikia ile Amin."

Nawal alisema bibi ni mzima, ila pengine amechoka. Lakini neno hilo la Angela lilimfungua masikio, na tangu hapo hakuweza kuyafunga. Siku iliyofuata, muda ulipofika, alijikuta amekaa kitandani hasomi, anasikiliza. Huko nje soko lilikuwa linaunguruma, spika zikitaja bei zilezile. Upande wa pili wa ukuta alisikia mswala ukitandikwa. Akasikia magoti yakigusa sakafu. Baada ya hapo hakusikia kitu, kwa muda mrefu, mpaka mswala ukakunjwa. Alikuwepo mtu mle ndani, anainama na kuinuka, bila neno hata moja.

Ukimya huo ulimwingia Nawal mifupani. Mtu akiondoka na nyumba ikawa kimya, hilo linaeleweka. Huyu alikuwepo, na sauti yake ilikuwa imezimika. Neno lilelile ambalo Nawal alilitafsiri mbele ya watoto lilikuwa limetoka madrasa likaja kukaa chumba cha pili. Alijaribu kujicheka, akashindwa. Alianza kukwepa kukaa chumbani kwake saa hiyo. Alikwenda dukani kwa baba, akajifanya anapanga mabaibui, lakini hata huko, katikati ya kelele za wanunuzi, ilipofika alasiri ukimya ule ulimkuta.

Wakubwa nao walianza kuulizana. Mama yake Nawal alipeleka uji, akarudi akisema Bi Nunu amepokea vizuri, hana homa, ila haongei sana. Baba alisema utu uzima una mambo yake. Nawal alisikia yote hayo akiinamisha kichwa kwenye sahani. Alikuwa na jambo la kusema na hakulisema, kwa sababu alijua litakavyosikika.

Kisha likaanza lile jambo lingine, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akiwa anaswali, alipotamka neno la kwanza la Alhamdu, Nawal alihisi ile ha haikutoka sawasawa. Akarudia. Mara hii akadhani ameibana mno. Akarudia tena. Kila alipolitamka, alisikia nyuma ya sauti yake sauti ya Bi Nunu ikisema ile ha yake ya pumzi, kwa upole, kama siku ile mkekani. Mama yake alimaliza swala, akaleta uradi, akakunja mswala wake, na Nawal bado alikuwa amesimama kwenye rakaa ya kwanza akilirudia neno lile lile. Mama alimuuliza ana nini. Nawal akasema anafanya mazoezi.

Mwalimu wao aliwahi kuwaonya juu ya wasiwasi wa aina hiyo, unaomkamata mtu kwenye udhu au kwenye swala mpaka akashindwa kusonga mbele. Nawal aliwahi kuwadharau watu wa namna hiyo. Sasa alikuwa mmoja wao. Kwenye mazoezi ya mashindano alisoma vizuri, kwa kuwa alisoma mbele za watu na sifa zilimsukuma, lakini akibaki peke yake na Mola wake hakuweza kulivuka neno la kwanza. Aliogopa. Tena aliogopa hasa, kama mtoto mdogo, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwishowe hofu ndiyo iliyomsukuma kwenye mlango wa Bi Nunu. Alijitia amepeleka sahani ya tende.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Chumba kilikuwa kisafi, na mswala umetandikwa tayari kuelekea ukuta. Nawal alitarajia kununiwa. Badala yake Bi Nunu alimshika mkono akamshukuru tena. Alisema watu wengi walimsikia miaka yote hiyo wakamwonea haya, na ni Nawal peke yake aliyemwambia ukweli. Tangu siku ile, alisema, hatamki tena. Anasimama, anarukuu, anasujudu, lakini mdomo ameufunga, asije akamwambia Mungu neno la kuzimika kwa mara nyingine.

Shukrani hiyo ilimchoma Nawal kuliko tusi. Aliuliza mbona alikuwa akisoma kwa sauti kila alasiri.

"Nilikuwa namsomea Wafa," alisema Bi Nunu.

Wafa alikuwa binti yake. Alifariki kwa surua akiwa mdogo, zamani sana, kabla hata baba yake Nawal hajazaliwa. Mtoto huyo alilala chumba cha pili, hicho anacholala Nawal sasa. Mama akisoma Alhamdu upande huu, mtoto alikuwa akiitikia "Amin" upande ule, na sauti yake ndogo ikipita juu ya ukuta. Ulikuwa mchezo wao. Alipokufa, Bi Nunu aliendelea kumsomea kila alasiri kwa sauti ileile, akiuelekea ukuta uleule.

"Najua hawezi kuitikia, sijarukwa na akili," alisema. "Lakini nilijua inamfikia. Nilikuwa nampelekea taa kila siku huko aliko. Sasa nalala najiuliza, miaka yote hii nimempelekea nini mwanangu? Kumbe taa zenyewe zimezimika."

Nawal alitoka mle chumbani bila kuaga vizuri. Hakwenda kwake, maana asingeweza kukitazama kitanda chake. Alipita uani, akapita dukani kwa mzee Elimringi bila kuitikia salamu ya Angela, akaenda moja kwa moja msikitini. Ustadhi Muaz alikuwa barazani anapanga majuzuu ya watoto. Nawal akamweleza kila kitu: mfuko wa khanga, kicheko, swala zisizosihi, ukimya, na ile ha inayomkaba yeye mwenyewe. Alipofika kwa Wafa alilia.

Ustadhi hakumkemea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayefikiri kabla ya kufungua kinywa. Alimwacha alie, kisha akamwambia asome mwanzo wa Sura Abasa. Nawal alipangusa uso akasoma, na kila herufi ilikaa mahali pake.

"Sasa niambie maana yake," alisema Ustadhi.

Nawal alifungua mdomo. Alizoea kujibu, na jibu la kutengeneza lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Sijui," alisema.

Ustadhi akamtolea msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, akamwonyesha mahali, akarudi kupanga majuzuu yake. Nawal akasoma kwa macho. Humo alimkuta kipofu mmoja wa Makka aliyekuja kwa Mtume kutaka kufundishwa, wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa mji. Akamkuta Mtume, bora wa viumbe, amekunja uso na kugeukia upande mwingine. Na akaona jinsi Mwenyezi Mungu alivyomwonya kwa ajili ya kipofu huyo, onyo linalosomwa hadi leo. Nawal aliwaza jicho la Bi Nunu lenye mtoto wa jicho, na uso wake mwenyewe siku ile. Sura hii alikuwa ameikariri tangu mwanzo wa mwaka. Siku ile ile, dakika ile ile alipokunja uso, ndiyo iliyokuwa mdomoni mwake.

"Ha yake niliijua tangu siku ya kwanza," alisema Ustadhi. "Nilikuwa naifikia taratibu, kama anavyofundishwa mtoto. Anayejitahidi na ulimi ukamshinda ana udhuru, na swala yake ni sahihi. Tena Mtume ametufundisha kwamba anayesoma huku akitatizika ana malipo mara mbili. Ulichomwambia kuhusu herufi ni kweli. Ulichomwambia kuhusu swala zake hukuwa na elimu nacho."

Nawal akamwomba aje amwambie Bi Nunu mwenyewe, maana akisema Ustadhi ataaminiwa. Ustadhi akakataa. Alisema atakwenda, lakini baadaye. Aliyekifunga kile kinywa ndiye aende kwanza.

Nawal alirudi Mtaa wa Mchikichi. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Bi Nunu alikuwa juu ya mswala, amemaliza kuswali kwake kwa kimya, mikono imelala mapajani. Nawal alipiga magoti mbele yake sakafuni, akamwomba radhi, akamweleza yote aliyoyasema Ustadhi, udhuru, malipo mara mbili, yote.

Bi Nunu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampapasa shavu.

"Unanihurumia, mwanangu. Asante."

"Si huruma, bibi. Ustadhi ndiye aliyesema."

"Hata siku ile uliniambia ndivyo mlivyofundishwa."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anasema tu lilivyo. Nawal akaona kwamba maneno yake hayana tena thamani ndani ya chumba hicho, na kwamba ameyaharibu mwenyewe. Hakuwa na kingine cha kutoa. Akabaki pale pale sakafuni, na kwa kuwa hakuwa na kingine, alisema lile aliloliona aibu kuliko yote.

"Bibi, hata mimi siwezi tena. Nikiswali nafika neno la kwanza nakwama. Narudia, narudia, silivuki. Nasikia sauti yako. Jana sikumaliza swala ya magharibi. Naogopa."

Bi Nunu alimwinamia amtazame kwa lile jicho zima. Kwa muda alisahau habari zake mwenyewe, kama watu wazima wanavyosahau mtoto anapolia mbele yao. Akamvuta akamkalisha mswalani ubavuni pake.

"Usisimame pale," alisema. "Ukisimama pale hutavuka. Twende wote, usiangalie nyuma."

Akaanza kusoma. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, imelala muda mrefu, lakini ilikuwa ni ile. Ha yake ilitoka kama ilivyotoka siku zote, pumzi ya upole tu. Nawal alisoma pamoja naye, ha yake kooni, na ziliposikika pamoja hakuna iliyoizuia mwenzake. Walilivuka neno la kwanza. Bi Nunu alijikwaa mbele kidogo, Nawal akamngoja. Nawal alitetemeka sauti karibu na mwisho, Bi Nunu akamngoja. Walipomaliza bibi alisema "Amin," na msichana hakuweza kusema kitu kwa kilio. Upande wa mbele walimsikia mama Angela akifunua sufuria.

Jioni ile Ustadhi Muaz alikuja kama alivyoahidi, akazungumza na Bi Nunu mpaka magharibi. Siku iliyofuata mto wa kukalia ulitandikwa tena mkekani, na Bi Nunu akaukalia, mfuko wa khanga mapajani. Nawal alisimama mbele ya watoto walewale. Kuomba radhi faraghani kulikuwa rahisi zaidi, lakini kicheko kilikuwa cha hadharani. Alisema kwamba alimvunjia bibi heshima, na kwamba alitoa jibu asilolijua. Ubeid alitazama chini. Yeye naye alijua alichangia nini, na baada ya somo alionekana akimsaidia Bi Nunu kuvaa kandambili.

Ustadhi Muaz hakuwa mtu wa hotuba, lakini siku hiyo alifunga juzuu yake akawageukia.

"Wanangu, tunasoma ili tuwe watumishi wa waliokuja kusoma," alisema. "Anayeijua herufi moja amshike mkono asiyeijua, asimcheke. Na usipojua, sema sijui. Mwanachuoni haoni haya kulisema neno hilo, kwa sababu anamwogopa Mungu kuliko anavyoogopa watu. Elimu ikikufanya umkunjie uso mwenzako, basi imeishia mdomoni, moyoni haijafika. Nawal alikuwa na mdomo mzuri. Leo nadhani elimu yake imeanza kushuka."

Kwenye mashindano ya Mnazi Mmoja Nawal alikuwa wa pili. Majaji walimsifu kwa herufi zake, wakamkata alama kwa sababu alisita mahali pamoja, pale anapotajwa kipofu. Baba yake alisikitika kidogo. Nawal hakusikitika, ingawa hakuweza kumweleza baba kwa nini alisita.

Kesho yake alirudi kutoka shule, akala, akaswali. Ha ilimkaba kidogo, akaivuka. Kisha akakaa kitandani akingoja. Kusema kweli, hofu ile haikumtoka yote. Hadi leo, Bi Nunu akichelewa kidogo alasiri, Nawal huacha analolifanya, akabaki ameshika kilicho mkononi, mpaka asikie.

Siku hiyo hakuchelewa. Sauti ilipanda ukuta kama zamani, ikajikwaa, ikarudi, ikaendelea hadi mwisho. "Amin," alisema Bi Nunu, kisha akanyamaza kwa ule muda wake mdogo.

Nawal alisita. Aliwaza kama ana haki, kama hataligusa donda ambalo si lake. Akaweka kiganja ukutani.

"Amin," alisema.

Mswala haukukunjwa. Nawal alikaa na kiganja chake pale pale, akidhani amefanya kosa jingine. Halafu sauti ikaja tena juu ya ukuta, nzito kidogo, kama ya mtu anayepangusa pua.

"Kesho sema kwa nguvu zaidi, mwanangu. Soko lina kelele, nataka wote wawili tusikie, mimi na Wafa."